Hita ya Pikapu Yangu na Dashibodi Iliyobaki Mahali Pake

Watu wa hapa Tanga mjini wakinisikia nazungumzia hita ya gari hunitazama mara mbili. Pwani hii, hata Julai kipupwe kimeshika na kusi inavuma kutoka baharini, dereva hushusha kioo apate upepo. Joto analo la kutosha. Lakini mimi kazi yangu ni mboga. Mara mbili kwa wiki napandisha Lushoto na pikapu yangu ya Toyota, napakia kabichi, karoti na hoho, na mapeasi yakiwa msimuni napakia na mapeasi, kisha nateremka nazo hadi soko la Mgandini. Natoka nyumbani Ngamiani saa nane za usiku ili kukipambazuka niwe mashambani. Ndani ya saa chache natoka usawa wa bahari nafika mita 1,400 hivi, kwenye baridi ambayo mwezi wa saba humfanya mtu avae koti na bado akunje mikono kwapani. Kule hita ndiyo inayokuonyesha njia.

Nilikuja kulijua hilo vizuri usiku mmoja wa Julai mwaka jana, kati ya Mombo na Soni.

Anayeijua barabara ile anajua ninachosema. Ukishaiacha lami kuu pale Mombo unaanza kupanda, mlima upande mmoja, korongo la mto upande wa pili, kona baada ya kona, na njia ni nyembamba kiasi kwamba ukikutana na lori mmoja wenu lazima asimame. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Ndani tulikuwa watatu: mimi, kijana wangu wa kupakia, na mama mmoja wa Soni tuliyempa lifti akiwa amelowa kuanzia kichwani. Tukapumua humo humo na vioo vimefungwa. Kabla hatujafika nusu ya mlima, kioo cha mbele kilianza kupata ukungu kwa ndani, kwanza pembeni, halafu katikati, halafu nikawa sioni kitu zaidi ya weupe.

Nikafuta kwa kanga. Ukungu ukasambaa ukawa michirizi, na taa za mbele zikavunjika vunjika ndani yake. Nikaisogeza swichi ya hita mpaka mwisho wa wekundu na kufungulia feni namba nne. Upepo ulitoka, tena kwa nguvu, ila ulikuwa baridi kama wa nje. Kijana akashusha kioo, mvua ikaingia. Kwenye kona moja nikaona mwanga mkubwa unateremka, sikujua uko kulia au kushoto kwangu. Nilisimamisha gari hapo hapo, nikawasha taa za hatari, nikakaza breki ya mkono. Fuso la mbao lilipita karibu sana, kioo changu cha pembeni kikajikunja. Yule mama wa Soni alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini, na mimi mikono ilinitetemeka hata gia sikuweza kuishika kwa muda.

Kisa cha ukungu ni rahisi. Pumzi zetu na nguo zilizolowa hutoa unyevu, kioo ni baridi, unyevu ukikigusa unageuka matone. Hewa ya moto ikipulizwa pale kwenye kioo hukipasha na kuuchukua ule unyevu. Gari lenye AC linaweza kuikausha hewa kwa njia hiyo pia, lakini langu halina AC, kwa hiyo tegemeo ni hita tu. Na kuna kosa ambalo nimeliona kwa madereva wengi: wanaacha ile swichi ya hewa kwenye alama ya kuzungusha hewa ya ndani. Hapo unarudishiwa pumzi zako mwenyewe. Ukiwa na ukungu, iweke ivute hewa ya nje, hata kama nje kunanyesha.

Niliporudi Tanga nilikwenda gereji moja ya mjini. Fundi alifungua boneti, akawasha feni, akaweka kiganja kwenye tundu la hewa, akasema hita imekufa. "Hii dada lazima tushushe dashibodi. Rejeta ya hita iko nyuma huko. Siku tatu, na ufundi peke yake laki tatu na nusu."

Sikumjibu papo hapo. Nina kisa na dashibodi. Miaka ya nyuma kaka yangu alishushiwa dashibodi ya gari lake dogo, mahali pengine kabisa, kwa tatizo kama hili. Gari lilirudi na skrubu sita zimebaki kwenye kopo. Taa za geji hazikuwaka tena. Bomba moja la plastiki linalopeleka hewa kwenye kioo halikurudishwa kwenye mdomo wake, hewa ikawa inaishia ndani kwa ndani. Na kwenye barabara ya vumbi dashibodi nzima ilikuwa inalia kama debe la njugu. Plastiki ya gari la miaka 20 na zaidi imekauka kwa jua. Vile vibanio vyake ukivivuta vinavunjika, na vikishavunjika hakuna duka linaloviuza. Kwa hiyo mtu akiniambia neno dashibodi, kwanza nataka nijue ana uhakika gani.

Mama mwenzangu wa sokoni ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, anayefanyia kazi chini ya mkungu nyuma ya nyumba yake hapa hapa Ngamiani. Ujanani alikuwa kwenye karakana ya shamba la mkonge, alikuwa akitengeneza matrekta na malori. Sasa hivi macho yamepungua, vidole vyake ndivyo vinavyoona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari linasemaje?"

Nikamweleza. Hakugusa spana. Aliuliza: "Maji unaongeza mara ngapi?" Nikasema kidogo, labda glasi moja kwa wiki mbili. Akafungua mlango wa abiria, akainama, akalivuta zulia la miguuni na kuingiza mkono chini yake. Akaunusa mkono.

"Pakavu. Basi haijatoboka."

Akanifundisha papo hapo, na nayaandika kama alivyoyasema kwa sababu yameniokolea pesa. Rejeta ya hita ni mtoto wa ile rejeta kubwa ya mbele. Maji ya moto yanatoka kwenye injini kwa mpira mmoja, yanapita kwenye bamba linalotenganisha injini na kabini, yanaingia kwenye hiyo rejeta ndogo, yanarudi kwenye injini kwa mpira wa pili. Feni inapuliza hewa ipite katikati ya mapezi yake. Hiyo ndiyo hita nzima, haina moto mwingine wowote. Ikitoboka itakuambia yenyewe: zulia linalowa, kioo kinapata utandu wa mafuta mafuta usiofutika, na ndani ya gari kunanukia utamu kama wa sharubati, hiyo ni kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta. Maji yatapungua bila kuona tone chini ya gari. Kama dalili hizo hazipo, usimruhusu mtu akushushie dashibodi. Kaulize maji kwanza.

"Kuyauliza vipi?" nikasema.

"Kwa mkono."

Tuliliacha gari lingurume robo saa. Kisha akanionyesha ile mipira miwili inapoingia kwenye bamba, akaniambia niguse kwa uangalifu, nikae mbali na feni na mkanda. Mpira wa kwanza vuguvugu. Wa pili vuguvugu. Hapa mzee alinipa hesabu yake. Mipira yote miwili ikiwa ya moto na ndani hewa ni baridi, maji hayana kosa, kosa liko kwenye mlango wa hewa au waya wake. Mmoja ukiwa wa moto na wa pili baridi, maji yameingia na hayakupita, kuna kizibo. Yote miwili ikiwa baridi au vuguvugu, maji ya moto hayajafika kabisa: ama maji yamepungua, ama kuna hewa imejifungia, ama injini yenyewe haijapata moto.

Tukatazama geji ya joto la injini. Mshale ulikuwa umelala chini, haujafika hata robo, na injini imewaka muda wote ule. Nikakumbuka kwamba kwa mwaka mzima mshale ule ulikuwa unakaa pale, na mimi nilikuwa nafurahi. Nilidhani ni dalili ya gari lisilochemsha.

Mzee akafungua boliti mbili za nyumba ya temostati. Ndani hamna kitu.

Nilikasirika. Mwaka mmoja kabla ya hapo gari lilikuwa linachemsha kwenye milima, nikalipeleka kwa fundi, siku hiyo hiyo nikarudishiwa na kuambiwa limepona. Kumbe kilichofanyika ni kuitoa temostati na kufunga, bila kuniambia neno. Hii ni tabia iliyoenea sana kwetu, na wengi wanaifanya kwa nia njema: nchi ni ya joto, temostati ya nini? Lakini temostati ndiyo bawabu. Injini ikiwa baridi inafunga njia ya kwenda rejeta ya mbele ili maji yapate moto haraka, yakifika nyuzi zake, nyingi zimegongwa namba kama 82 au 88, inaanza kufungua. Ukimwondoa bawabu, maji yanakwenda kupozwa muda wote. Njia tambarare ya kutoka Segera kwenda Mombo injini inakimbia ikiwa na ubaridi, inakula dizeli zaidi, oili inachafuka upesi, na hita haina cha kukupa. Na lile tatizo lililofanya gari lichemshe linabaki pale pale limejificha.

Temostati mpya nilinunua mjini asubuhi yake. Mzee hakuifunga. Alimwomba mkewe sufuria ya chai, akaijaza maji, akaiweka kwenye jiko la mkaa, akaitumbukiza temostati ikiwa imening'inizwa kwa uzi, isiguse chini. Tukakaa kwenye vigoda tunaitazama. Maji yalianza kutoa vipovu vidogo vidogo ukutani mwa sufuria. Kimya. Halafu, kabla hayajachemka, kile kisahani cha katikati kikasogea, taratibu mno, kama mtu anayefungua mlango asimwamshe mtoto. Kikafunguka kiasi cha unene wa kidole kidogo. Mzee akaivuta kwa uzi, akaiweka juu ya tofali, na ndani ya dakika moja ikajifunga tena. "Hii mzima," akasema. "Mpya si lazima iwe nzima." Ilipofungwa alihakikisha lile tundu dogo lenye kipini kinachocheza limekaa juu, kwa sababu hewa hupitia hapo.

Tukawasha. Safari hii mshale ulipanda hadi karibu na nusu na kutulia hapo. Nikagusa mipira. Wa kwanza ulinichoma nikautoa mkono. Wa pili ulikuwa baridi kama mpira wa kumwagilia bustani.

Nikashuka moyo kidogo, mzee akafurahi. Alisema sasa gari limeanza kusema kweli. Kwanza akakagua koki ya hita, ile inayovutwa na waya kutoka kwenye swichi, kama inafunguka yote. Ilikuwa inafunguka. Basi kizibo kiko ndani ya rejeta ndogo.

Hapo akaniuliza swali nililokuwa naliogopa. "Umewahi kutia kitu humu?"

Nilitia binzari. Lazima niliseme, maana naamini ndiyo chanzo cha yote. Miaka miwili nyuma rejeta ya mbele ilipata tundu dogo tukiwa karibu na Hale, usiku, na mzigo. Madereva waliosimama kunisaidia walinishauri kitu ambacho kila dereva wa njia hizi anakijua: tia binzari ya unga, itaziba. Nikatia vijiko viwili vya chakula, na kweli iliziba, nikafika nyumbani. Unga huenda na maji, ukifika kwenye tundu unavimba na kukwama. Kwa kufika nyumbani ni msaada, siukatai. Kosa langu ni kwamba sikuitoa. Niliendelea na maji yale yale, tena nikawa naongeza ya kisima chetu ambayo yana chumvi, kama visima vingi vya karibu na bahari. Binzari, kutu na magadi ya kisima vilizunguka pamoja, na vilipokutana na vijia vyembamba sana vya rejeta ya hita, vikajijenga humo.

Kazi ya kuzibua ilituchukua siku nzima na nusu, na sehemu hii nataka niielezee polepole kwa sababu ndiyo inayochukua nafasi ya kushusha dashibodi.

Tulisubiri injini ipoe kabisa. Mzee aliweka alama ya chokaa kwenye mpira wa kuingizia maji. Halafu akanizuia nisiuvute. Mipira iliyokaa miaka mingi hushikana na mabomba ya rejeta, na mabomba yale ni laini, yameunganishwa kwa risasi au kubanwa tu. Ukizungusha kwa plaizi na kuvuta kwa nguvu unaweza kuling'oa bomba kwenye shina lake, na hapo ndipo dashibodi itashuka kwa haki. Alichukua wembe, akaupasua mpira kwa urefu pale juu ya bomba, kidogo kidogo, akauchambua kama ganda la ndizi. Mpira mpya wa mita moja bei yake haifiki hata robo ya ufundi wa dashibodi.

Kisha akachukua dumu la lita 20, akalitoboa karibu na kitako na kulifunga mpira mwembamba, akalipandisha juu ya paa la gari. Maji tuliyatia kwa kinyume: kwenye bomba la kutokea, ili yatoke kwenye bomba la kuingilia. Takataka ziliingia kwa mlango wa mbele, zisukumwe zirudi kwa mlango huo huo. Chini tuliweka ndoo.

Kijana wa kuosha magari wa jirani akaja na wazo lake, atuletee pampu ya presha amalize kwa dakika mbili. Mzee alimwita karibu, akamwonyesha mfuniko wa rejeta. Umeandikwa 0.9. Maana yake mfumo wote huu umezoea presha isiyozidi kilo moja kwa sentimita ya mraba. Pampu ya kuoshea magari inasukuma mara nyingi zaidi ya hapo. Rejeta ya hita iliyochoka ingepasuka nyuma ya dashibodi bila hata kuiona. Mwingine akasema tutie asidi ya kusafishia choo. Hiyo nayo alikataa, inakula aluminiamu na inakula risasi ya viungio.

Kwa hiyo tukakaa na dumu letu. Dakika kumi za kwanza ndoo haikufika robo. Maji yalidondoka tone tone, ya rangi ya chai. Tukahamisha mpira upande wa pili, tukarudisha, tukahamisha tena. Mara ya nne au ya tano bomba lilikohoa, likatoka donge la ukubwa wa kokwa ya tende, na nyuma yake tope zito la rangi ya manjano iliyoungua. Nililishika. Lilikuwa laini kama udongo wa mfinyanzi na ndani yake mna chembe ngumu za kutu zinazokwaruza vidole. Na lilinukia. Baada ya miaka miwili ya kuchemshwa humo, bado nilisikia harufu ya jikoni kwangu.

Jioni tuliijaza maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa na siki nyeupe, tukaziba midomo, tukaiacha ilale hivyo, siki inalegeza magadi. Asubuhi tukaanza upya na dumu. Kufika adhuhuri lita 20 zilikuwa zinapita kwa dakika mbili na maji yanatoka meupe. Mzee aliyashika kwenye glasi, akayainua kwenye jua, ndipo akakubali. Rejeta kubwa nayo tuliitoa, ikapelekwa kwa fundi wa rejeta akaizibua na kuliziba lile tundu sawasawa. Ndiyo iliyokuwa inanichemshia gari tangu mwanzo.

Maji yale ya zamani, hasa yenye kulanti, mzee hakuyamwaga mtaroni. Ni sumu yenye utamu, na mtaa wetu una mbuzi na paka wa kila nyumba. Aliyafungia kwenye dumu na kuliweka juu, mbali na watoto.

Tulitia kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, yale ya betri yasiyo na asidi. Ukikosa hayo, mzee anasema maji ya mvua yaliyokingwa safi ni bora mara kumi kuliko ya kisima. Mimi hapo awali nilidhani kulanti ni ya nchi za theluji. Inazuia kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Kule Lushoto maji ya kawaida kwenye sufuria wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayasubiri 100 kama huku pwani, kwa hiyo mfuniko mzima wa rejeta na kulanti vina kazi kubwa zaidi mlimani.

Kujaza nako kuna adabu yake. Gari lilipandishwa mbele kwenye kichuguu, swichi ya hita ikawekwa kwenye moto, mfuniko ukaachwa wazi tangu injini ikiwa baridi, tukatia polepole huku injini inanguruma. Ndani ya kabini nilisikia maji yanapita nyuma ya dashibodi kama kijito, gubu gubu gubu. Hiyo ni hewa. Tuliendelea kuongeza hadi sauti ile ikakoma na temostati ikafunguka, ndipo tukafunga. Kabla ya safari ya kesho yake injini ikiwa imepoa nilifungua tena, ikanywa karibu nusu lita.

Mipira yote miwili sasa ilikuwa inachoma. Ndani hewa ya moto ilitoka, lakini usoni tu, kwenye kioo haikufika. Hili nililimaliza mwenyewe. Niliitoa droo ya mbele ya abiria, skrubu mbili na vibanio viwili vya pembeni unavyovibonyeza kwa ndani, nikalala chali kwenye sakafu na tochi ya simu mdomoni. Waya wa kuamuru hewa iende juu au chini ulikuwa umechomoka kwenye kibanio chake, unacheza bila kukivuta kimlango. Nikaurudisha, nikakibana, nikajaribu swichi mara kumi. Dakika 20.

Sisemi dashibodi haishuki kamwe. Rejeta ndogo ikitoboka kweli, yapo magari ambayo unaivuta kwa ubavuni ukishafungua kava chache za miguuni, na yapo yasiyo na njia nyingine. Mwambie fundi akuonyeshe kwanza itapitia wapi. Na kama huna pesa siku hiyo, mipira miwili inaweza kuunganishwa kwa kipande cha bomba kule kwenye injini, hita ikarukwa, ukaendelea na kazi mchana, usiku ukapumzika. Lakini ukumbuke umepoteza na msaada mwingine: gari likianza kupandisha mshale kwenye mlima, kufungulia hita yote na feni yote huchota joto kwenye injini. Utatoka jasho, ila unaweza kulifikisha gari mahali salama pa kusimama.

Safari ya kwanza baada ya hapo nilikwenda na roho juu. Mvua haikuwepo, ukungu ulikuwepo, mzito, umeshuka hadi barabarani. Pale Soni nilisimama pembeni, nikafungua boneti na kugusa mipira, mmoja halafu mwingine. Nikaingia tena ndani, nikaelekeza hewa kwenye kioo. Kioo kilianza kusafika kutoka chini, nusu duara mbili ndogo juu ya dashibodi, zikakua, zikakutana katikati, na nikaiona kona yote mpaka kwenye jiwe jeupe la ukingoni.

Wakati wa kurudi nilimchukua yule yule mama wa Soni, alikuwa anashuka kwenda Korogwe kwa binti yake. Aliinyoosha miguu yake kwenye ile hewa ya moto, akafunika magoti kwa kitenge, akaniambia, "Mwanangu, usiizime kwanza." Sikuizima. Tulishuka nayo kona zote, mzigo wa kabichi nyuma, na tulipofika Mombo joto la bonde likatupokea mlangoni. Hapo mwenyewe alikunja kitenge, akashusha kioo, nami nikairudisha swichi kwenye bluu.